Vifaranga Wote Madume

Mfugaji wa samaki wa Morogoro anaijua hasara isiyotokana na ugonjwa wala kenge. Anapandikiza perege bwawani, anawalisha miezi sita, na siku ya kuvuna wavu unapanda umejaa visamaki vya ukubwa wa kidole. Wamezaana kabla ya kunenepa. Jike huatamia mayai na vifaranga mdomoni, na siku hizo hali chochote cha maana. Watoto wakishatoka, wanagombea chakula na wazazi wao.

Dawa yake ni kufuga madume matupu. Njia iliyozoeleka ni kuwapa vifaranga walio chini ya milimita 14 chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne. Inafanya kazi, ila inadai vipimo sahihi na homoni ya kununua.

Njia nyingine imetoka kwenye maji yetu wenyewe. Mwaka 1960, mtafiti C. F. Hickling alichapisha matokeo ya majaribio yake huko Malacca, Malaysia ya leo. Alikuwa amezalisha madume ya perege walioletwa kutoka Zanzibar na majike ya perege wa Msumbiji, vifaranga wote wakawa madume. Alipogeuza, jike la Zanzibar kwa dume la Msumbiji, wakapatikana madume karibu watatu kwa kila jike mmoja. Samaki hao wa Zanzibar ni wa aina ya perege wa Mto Wami, ambao mwaka 1966 mtaalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas aliwapa jina la hornorum.

Uzao huo wa pili ndio uliofichua siri. Kwa perege wa Msumbiji, kama kwa binadamu, jike ana kromosomu za jinsia XX na dume XY. Kwa wa Wami ni kama kuku: dume ni ZZ, jike ni WZ. ZZ akikutana na XX, kila kifaranga anakuwa XZ, naye ni dume. WZ akikutana na XY, yanatoka makundi manne, na ni WX peke yake aliye jike. Hesabu ya Hickling inakaa sawasawa.

Lakini hesabu hiyo inataka wazazi wasiochanganyika. Jike mmoja chotara akiingia kwenye tangi la kuzalishia, majike wanarudi. Na sato, jamaa wa perege walioletwa kufugwa, wameshaingia kwenye mito ya mashariki ya Tanzania, wanazaana na perege wa asili, ukoo uleule unaoishi Wami, Ruvu na Rufiji. Mwenye bwawa la sato kando ya Ngerengere, mto unaoshuka Uluguru kwenda Ruvu, afunge chujio la matundu madogo kabisa kwenye bomba la kutolea maji. Kifaranga aliyetoka mdomoni mwa mama yake jana anapenya wavu wa kawaida bila shida.