Nani Kashindwa? Kiswahili cha Kompyuta na Usakinishaji Unaokwama

Mjadala wa Kiswahili cha kompyuta umejikita kwa muda mrefu katika nomino. Wataalamu wamebishana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na juhudi za kuunda istilahi hazikupotea bure: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Windows nayo ikapata kiolesura cha Kiswahili. Hata hivyo, lugha ya chombo hupimwa hasa pale chombo kinapokwama, na hapo kinachohukumiwa si nomino bali ni kitenzi.

Ichukuliwe kauli ya aina ya "Usakinishaji umeshindwa". Kitenzi sakinisha kimetokana na sakini, yaani kukaa mahali, na uundaji wake hauna kasoro. Utata umo katika shindwa. Ingawa kitenzi hiki hutumika pia kwa maana ya kutoweza, umbo lake ni la kutendwa, na panapo mshindwa pana mshindi. Kauli hiyo haimtaji. Je, ni diski iliyojaa? Ni ruhusa ya msimamizi inayokosekana? Ni faili lililokatika umeme ulipozimika wakati wa kupakua? Ni programu ya biti 64 iliyopelekwa kwenye mashine ya biti 32? Kila sababu ina tiba yake, na msomaji hakupewa hata moja.

Si haki, lakini, kumtwika mtafsiri lawama yote. Katika kisakinishi cha Windows, kosa namba 1618 husema kwamba usakinishaji mwingine unaendelea. Msomaji wa lugha yoyote ataelewa kwamba yampasa kusubiri. Kosa namba 1603 hutangaza tu kwamba kosa kubwa limetokea, ilhali chanzo chaweza kuwa folda ambayo mfumo hauruhusiwi kuandika ndani yake. Fundi hulazimika kufungua faili la kumbukumbu za usakinishaji na kutafuta tendo la kwanza lililorudisha thamani 3. Fumbo hilo ni fumbo hata katika Kiingereza, na tafsiri haiwezi kutia maana ambayo mtunzi wa programu hakuiweka.

Lubumbashi inalionyesha tatizo hili kwa ukali zaidi. Hapa mashine nyingi huzungumza Kifaransa. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows 7, mfumo uliotolewa mwaka 2009 na kuacha kuhudumiwa Januari 2020, kilidai kwamba lugha ya msingi ya mashine iwe Kiingereza. Mwenye mashine ya Kifaransa hakuweza kukisakinisha. Kwa maneno mengine, Kiswahili chenyewe ndicho kilichokwama, nacho hakikukwama kwa upungufu wa istilahi wala kwa uzembe wa mtumiaji. Kilishindwa na dhana, kwamba kila Mswahili anayegusa kompyuta amepitia Kiingereza.

Dhana hiyo haina utetezi. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, hutenganisha Kiswahili cha Kongo (swc) na kile cha pwani (swh). Msemaji wa Lubumbashi husema bantu na bintu, na neno analoazima kwa kusakinisha hulichota katika Kifaransa. Hoja si kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Ni kwamba usanifu usiomfikia msemaji huyu haujakamilika, hata orodha za istilahi zikiwa ndefu kiasi gani.

Ujumbe wa kosa wapaswa kueleza mambo matatu: kilichokwama, sababu yake, na hatua ya kuchukua. "Diski imejaa. Futa mafaili usiyoyahitaji, kisha anza upya." Sentensi hizi hazihitaji istilahi mpya, na zaeleweka Lamu hata Kolwezi. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Kabla ya kuchapisha orodha nyingine ya nomino, yafaa zikusanye jumbe za makosa zilizokwisha kutafsiriwa na kuzijaribu mbele ya watumiaji ambao mashine zao zimekwama kweli, wa Dar es Salaam na wa Lubumbashi kwa pamoja. Ujumbe ambao msomaji wake hajui afanye nini baada ya kuusoma urudishwe kwa mtafsiri, na pale inapobidi, kwa mtunzi wa programu.