Kipimo cha Mazungumzo

Sandra Savignon, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972, aliwachukua wanafunzi walioanza Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akawaweka makundi 3. Masomo yao yalikuwa mamoja, ila saa 1 ya kila juma: kundi moja lilizoezwa kuwasiliana, la pili lilisoma utamaduni wa Wafaransa, la tatu lilisikiliza kanda. Katika mitihani ya kawaida makundi hayakupitana sana. Katika majaribio ya mazungumzo lile la kwanza liliyashinda mengine. Lau angetumia mitihani ya kawaida peke yake, angeandika kuwa saa ile ilipotea bure. Hapo ndipo penye thamani ya kazi hii.

Hata hivyo nina shaka. Waliozoezwa kuzungumza ndio waliopimwa kwa mazungumzo. Tena alama hazituonyeshi yaliyotendeka darasani. Allen, Fröhlich na Spada, katika mpango wao wa COLT wa mwaka 1984, walitaka mtafiti aandike, pamoja na mengine, kama muulizaji alikwisha kulijua jibu. Mwalimu ashikaye kalamu na kuuliza, “Hiki ni nini?”, hakuuliza kitu.