Kiunzi Hakingoji Methali

Mbio zilikwisha kabla mtangazaji hajamaliza methali yake. Nilikuwa Nakuru, sebuleni kwa dada yangu mtaani Section 58, nikitazama kwa simu marudio ya fainali ya wanawake, mita 60 kuruka viunzi, mashindano ya dunia ya ukumbini, Glasgow, Machi 2024. Devynne Charlton wa Bahamas alimaliza kwa sekunde 7.65, rekodi mpya ya dunia. Mtangazaji wetu, fundi kweli wa mita 10,000, alikuwa bado anatukumbusha kwamba maisha yana viunzi vingi.

Kuchelewa namsamehe. Methali ndiyo inayonikera.

Kiswahili chetu cha riadha kimelelewa na mbio ndefu. Tuna maneno tele ya kusubiri: anavuta, ananyemelea, anachungulia nyuma, kengele hiyo! Mwaka 2017 kule London, Beatrice Chepkoech alilipita shimo la maji bila kuliruka, akageuka, akarudi, akaruka, akamaliza wa nne. Lugha yetu ilipata nafasi ya kushtuka, kusikitika na kumwombea, yote katika mbio zilezile. Mwaka uliofuata, Monaco, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 44.32, hadithi ikapata mwisho mwema. Katika mbio zake kiunzi ni gogo zito lisiloanguka, na ukitaka unalikanyaga ukapita. Linafaa kisa.

Kiunzi cha Charlton ni kitu kingine. Viko vitano tu, kila kimoja kimo cha sentimita 83.8. Mita 13 hadi cha kwanza, kisha mita 8.5 kutoka kimoja hadi kingine, na hapo katikati ni hatua tatu. Ukiongeza ya nne umeachwa. Ukikigonga, kinaanguka nawe unaendelea. Kazi yake ni kama ya vina katika shairi: mshairi anayevijua havimzuii, vinampa mwendo. Zima sauti utazame tena. Wale wanawake hawarukii juu, wanapita, na vichwa vyao karibu havipandi wala kushuka. Mwaka 2008 Susanna Kallur wa Uswidi alikimbia 7.68. Hadi Glasgow, miaka 16 baadaye, kilichokuwa kimepunguzwa ni sehemu tatu za mia za sekunde. Methali gani itaingia humo?

Lakini sisi, magazetini, kwenye hotuba za wanasiasa, hata katika makala zangu mwenyewe, "ameruka viunzi vingi" maana yake ni moja: ameteseka, amevumilia. Tumeitumia sitiari hiyo miaka mingi bila kukitazama kiunzi chenyewe. Na kwa sababu hiyo mwanamke mkimbiaji tunamsifu kwa jambo lilelile kila siku, uvumilivu, eti amezoea taabu. Ufundi wa hatua tatu hauna jina kwetu, na kisicho na jina mtoto hakiombi.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa akichungulia simu begani kwangu. "Anti, huku kwetu nani hukimbia hii?"

Nikajibu bila kufikiri: "Sisi ni watu wa mbio ndefu."

Jibu hilo nililipewa mimi nikiwa na umri wake, kwenye uwanja wa nyasi wa shule moja upande wa Njoro, ambako tuliruka fito tulizozifunga kwa kamba. Nilizipenda zile fito. Mwalimu akanihamishia mita 3,000. Nikamaliza wa mwisho, na wakanipigia makofi kwa uvumilivu wangu.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji wetu ni dogo. Nyamazeni zile sekunde saba. Marudio yakija, hesabuni tu: moja, mbili, tatu, hop! Msichana yeyote aliyeruka kamba mtaani ataelewa. Maneno tunayo, ila tumeyaacha uani na watoto.

Mimi nami nilikuwa na deni. Jumamosi tulibeba tepu ya fundi, mpwa wangu na mimi, tukapima mita 8.5 kwenye nyasi. Mara ya kwanza hatua zake zilitoka tano. Kufikia saa sita mchana zilikuwa nne.