Pambo la Chini ya Maji

Bombambili, katika Manispaa ya Songea, iko mbali na Ziwa Nyasa. Ukitaka kufika Mbamba Bay sharti upite Mbinga, kisha uteremke milima ya Umatengo, safari ya kilomita zipatazo 170. Ndiyo maana wengi wanaompita mzee mmoja wa huku kwetu, aliyejiinamia barazani na vipande vyake vya shaba, hudhani anatengeneza hereni. Anatengeneza mabamba ya chambo, yale membamba yenye umbo la jani yanayofungwa mbele ya ndoano na kuzunguka mshipi unapokokotwa nyuma ya mtumbwi. Kazi hiyo aliipata ziwani ujanani, akapanda nayo huku juu, na wavuvi wachache wa Nyasa wanaomfahamu bado humwagizia.

Kulifua bamba ni kazi ya kuheshimiwa, lakini fundi bati yeyote wa mjini angeweza kujifunza. Shaba inatoka kwenye tangi la redieta ya lori kuukuu. Hukatwa kwa mkasi wa bati, hugongwa mpaka ikafanya tumbo, ikapigwa tupa na msasa. Bamba pana huzunguka taratibu na kuyatikisa maji. Jembamba huzunguka mbio na kumeremeta. Hayo yote mzee huyamaliza kabla jua halijawa kali. Kinachokula siku zake ni rangi.

Kwanza hulifuta bamba kwa kitambaa chenye thina, na baada ya hapo haligusi tena kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huifukuza rangi. Hulining'iniza kwenye waya. Hupaka upande mmoja tu, ule uliovimba. Wa ndani huuacha shaba tupu iliyosuguliwa, ili linapozunguka limwonyeshe samaki mwanga, kisha giza, kisha mwanga, kama ubavu wa usipa, dagaa wa Nyasa, anayegeuka akikimbia. Tabaka moja jembamba, likauke. Jingine jembamba, likauke. Rangi ya mafuta ikibandikwa nene juu ya shaba hubanduka siku ya kwanza inapokutana na jiwe. Na kila rangi ina mahali pake. Wekundu ndio wa kwanza kupotea maji yanapozidi kina, kwa hiyo bamba litakalopita karibu na uso wa ziwa hulipa ukanda mwekundu shingoni, na litakaloshushwa chini hulipa weusi na weupe, kwa kuwa huko tofauti ya giza na nuru ndiyo inayoonekana zaidi.

Halafu linakuja jicho, na hapa ndipo ninapomwonea fahari mzee huyu. Huliacha mpaka mwisho, kila kitu kingine kikiwa kimekauka. Huchovya kichwa cha msumari katika rangi nyeupe, akagusa mara moja, akaondoa mkono. Doa hilo hulala usiku kucha. Kesho yake huchukua mwiba aliouchonga ncha, akatia tone jeusi ndani ya lile jeupe, na tone hilo haliweki katikati. Hulisogeza mbele kidogo, kuelekea anakokwenda yule samaki wa kubuni. Nimemwona akilifuta lote bamba lililokwisha kupendeza, kazi ya siku mbili, kwa sababu lile tone lilikuwa limeteleza upande wa mkia. Mimi kosa sikuliona mpaka aliponionyesha. “Anayekimbia kuliwa haangalii nyuma,” alisema, akachukua kitambaa chake cha thina.

Baada ya jicho huongeza vitu ambavyo hakuna mvuvi aliyemwagiza: safu ya vitone kando ya ukingo, mistari miwili inayopishana karibu na mkia, pengine kijiua kisichozidi punje ya mchele. Siku moja kijana aliyekuja kuchukua mzigo wa mjomba wake aliligeuzageuza bamba moja, akauliza, “Shikamoo mzee. Hivi samaki anaujua uzuri?”

“Marahaba. Haujui, mjukuu wangu. Naujua mimi.”

Jibu hilo limekaa nami. Kazi nyingi tunazozisifu hufanywa ili watu wazione: mlango uliochongwa, mkeka wa ukili, kanga. Bamba la chambo hupambwa ili lizamishwe. Mwenye kuliona likifanya kazi ni samaki, tena kwa nukta chache. Likikwama kwenye mwamba, mshipi hukatwa na pambo hubaki huko milele. Anayetuliza mkono kwa ajili ya kitu cha namna hiyo hawezi kuwa anatafuta kusifiwa. Anatimiza wajibu wake kwa kazi yenyewe, na huo ndio uaminifu ninaoukosa katika mengi tunayoyanunua siku hizi.

Nilipokuwa mdogo, baba yangu mdogo aliyeishi Liuli, ufukweni mwa Nyasa, alikuwa na kopo la biskuti alilolitunza kuliko saa yake ya mkononi. Ndani yake mabamba yalilala yamefungwa vitambaa, kila moja na chake, yasikwaruzane. Sisi watoto tuliruhusiwa kuyatazama, si kuyashika. Aliyafungua moja moja akitueleza hili ni la asubuhi yenye mawingu, hili ni la jua kali, hili lilimpata mbasa, samaki mkubwa wa Nyasa, ambaye mama zetu walimgawana nyumba tatu. Kila bamba lilikuwa na historia yake, na tuliyajua kwa sura kama tulivyowajua jirani. Akirudi kutoka ziwani aliyaosha kwa maji safi, akayafuta, akayarudisha kwenye vitambaa vyake kabla yeye mwenyewe hajala.

Kazi hii ina jamaa duniani kote. Huko Marekani, Julio Buel alipata hataza ya chambo chake cha bamba mwaka 1852, na tangu hapo viwanda vimemwaga mabamba ya kila namna. Lakini hata viwanda vikubwa vilianzia kwenye mkono wa mtu asiye na kitu. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alipotengeneza chambo chake cha kwanza mwaka 1936, alikivika karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti na kuyeyusha filamu za picha kupata vanishi. Mzee wa Bombambili na redieta yake angeelewana naye bila mkalimani.

Na kwetu Ruvuma mkono huo si mgeni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya ubao wa dari, na dunia ikaja kununua. Ukiufuata ufuko wa Nyasa kwenda kaskazini utawakuta Wakisi: wanaume huvua, wanawake hufinyanga vyungu na kuvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe. Hata chungu kinachokwenda kupigwa masizi jikoni hupewa haki yake ya kupendeza.

Leo ziwani imepatikana njia ya mkato. Chandarua kilichotolewa kumkinga mtoto na malaria hushonwa kikawa wavu. Kokoro huburutwa mpaka ufukweni likiwa limezoa wazazi na wachanga pamoja. Mbasa hupanda mito kama Ruhuhu wakati wa mvua ili atage, akakuta mlango wa mto umezibwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, zana hizo zimekatazwa, na bado samaki wa urefu wa kidole wanaanikwa na kuuzwa kwa kopo. Wenye kutaka chambo nao hununua cha plastiki kilichotoka mbali, na kikipoteza rangi baada ya wiki hutupwa hapohapo ufukweni.

Wavu wa namna hiyo hauhitaji jicho lililowekwa vizuri. Haumshawishi samaki, unamkusanya. Mwenye bamba alilazimika kumjua mbasa: anakula nini, anaona nini, anapita wapi na saa ngapi. Alimtongoza mmoja, na wengine wakaenda zao wakazaliana. Kila kitone kilichopakwa barazani kilikuwa ushahidi kwamba mvuvi bado anamhesabu samaki kuwa kiumbe mwenye hiari, anayeweza kukataa.

Makumbusho ya Maji Maji hapa Songea yametutunzia silaha za mashujaa wetu, na ni haki yao. Mabamba haya hayana makumbusho, na mengi yaliyo mazuri yako chini ya ziwa ambako hakuna atakayeyafuata. Yaliyobaki yamo mikononi mwa mzee mmoja ambaye watoto wake wameshika biashara nyingine, na simlaumu yeyote kati yao, kwa sababu fundi wa kumshawishi mbasa hawezi kuishi pale ambapo mbasa wenyewe wanakwisha. Tukitaka mtu mwingine akae kujifunza kuweka lile tone jeusi mahali pake, lazima kwanza tuwaache samaki wapande mto.