Paka, Mlima na Kopo: Lugha ya Matangazo ya Biashara Nakuru

Katika uhakiki wetu tangazo la biashara limeachwa nje ya mlango. Wanaolitaja hulitaja kwa kulilaumu, kwamba linaharibu Kiswahili sanifu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo imekosa shabaha. Linalofaa kuchunguzwa si usanifu wa tangazo bali umiliki wa maneno yake: nani aliyeyatoa, na nani anayefaidika nayo? Mifano yetu mitatu inatoka Nakuru na viunga vyake.

Kwanza ni betri. Kiwanda cha Eveready kilianzishwa Nakuru mwaka 1967. Nembo yake ni paka anayeruka kupitia tarakimu 9, taswira itokanayo na imani ya Waingereza kwamba paka ana maisha tisa. Msemaji wa Kiswahili hakuihitaji hesabu hiyo. Alikuwa na msemo wake, kwamba mtu asiyekufa upesi ana roho ya paka. Kaulimbiu ya «Paka Power», nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, ikaeleweka bila mfasiri. Hapa lugha haikuharibiwa. Ilikopwa bila kulipwa. Hata hivyo watu hawakutii yote, kwani wengi waliendelea kuziita betri «mawe». Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, betri zikawa za kuagizwa kutoka nje. Paka alinusurika, ajira za Nakuru hazikuwa na roho ya paka.

Pili ni sabuni. Menengai ni mlima wa volkano ulio juu ya jiji, na masimulizi huuhusisha na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19, ambamo wengi waliangamia. Leo jina hilo limepigwa chapa juu ya mche wa sabuni. Mtoto atumwaye dukani kununua Menengai hulijua povu kabla ya kuyajua masimulizi. Kampuni kujiita kwa jina la mahali ilipo si kosa. Lakini jina litamkwalo kila siku kwa maana moja huhitaji msimulizi wa kuihifadhi maana ya pili, na msimulizi hana bajeti ya matangazo.

Tatu ni kopo. Kasuku ni chapa ya mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, kopo huwa chombo cha kubebea maziwa au kupimia nafaka, kama lilivyo gorogoro la kilo mbili katika masoko ya Njoro na Molo. Sarufi yenyewe imetoa ushahidi: ndege ni «kasuku wawili», vipimo ni «kasuku mbili». Wanunuzi wamelitwaa jina kutoka kwa mwenye chapa, wakalitia katika ngeli wanayoitaka. Wala tusishangilie upesi: mwuzaji akikibonyeza kitako cha kopo, maskini hupunjwa kwa kipimo kilekile alichokibuni.

Methali haina mwenyewe. Kila aisemaye ni mrithi wake. Tangazo lina mwenyewe, naye hulisema kupitia vinywa vyetu. Kwa hiyo tulifundishe darasani pamoja na methali, si kwa kulikemea, bali ili mwanafunzi ajue ni lini anasema na ni lini anasemeshwa.