Mwili Bila Sauti: Uigizaji wa Charles Le Bargy Jukwaani na Katika Filamu

Kwa miaka mingi, wanahistoria wa sinema wameichukulia filamu ya L'Assassinat du duc de Guise (1908) kuwa tamthilia iliyopigwa picha tu. Hoja yao ina msingi: kamera haisogei, na waigizaji wakuu wametoka jukwaani. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo haimtendei haki Charles Le Bargy, aliyeiongoza filamu hiyo pamoja na André Calmettes na kuigiza nafasi ya Mfalme Henri III.

Le Bargy (1858-1936) alijiunga na jumba la Comédie-Française mwaka 1880. Hapo mwigizaji alipimwa kwanza kwa matamshi, kwani beti za Corneille na Racine haziwezekani bila pumzi na lafudhi iliyofunzwa. Hata hivyo, sifa zake kubwa zilitokana na tamthilia za wakati wake, hasa Le Marquis de Priola (1902) ya Henri Lavedan. Priola ni mlaghai wa wanawake mwenye ulimi mtamu, ambaye mwishowe anapooza. Nafasi hiyo ilimdai mwigizaji mambo mawili: atawale kwa maneno, kisha asalitiwe na mwili wake.

Lavedan huyohuyo ndiye aliyeandika mswada wa filamu, kuhusu mauaji yaliyotokea Blois mwaka 1588. Ilionyeshwa Paris tarehe 17 Novemba 1908, ikisindikizwa na muziki wa Camille Saint-Saëns. Safari hii ulimi mtamu haukuwa na kazi, kwa kuwa filamu ni bubu. Waigizaji wengi wa sinema wa siku hizo walifidia ukosefu wa sauti kwa kurusharusha mikono. Le Bargy alichagua kupunguza. Duke anapokwisha kuuawa, Mfalme anajitokeza, anaikaribia maiti kwa hadhari, anahakikisha kwamba haina uhai, kisha anaipekua. Woga, chuki na faraja vinafuatana katika vitendo vidogovidogo. Tunamwona mtu ambaye ujasiri umemjia baada ya adui yake kufa, na hilo tunalielewa bila kuambiwa.

Ni kweli kwamba mauaji yenyewe yana mikogo ya jukwaani, na kwamba kamera inatuweka mbali na nyuso. Lakini udhaifu wa kamera si udhaifu wa mwigizaji. Sinema haikumfanya Le Bargy msanii mwingine. Ilidhihirisha sehemu ya usanii wake ambayo sifa za sauti zilikuwa zimeifunika.

Suala hili linatuhusu sisi wahakiki wa tamthilia, ambao aghalabu huishia kwenye maneno yaliyochapishwa. Tukibaki na mswada peke yake, tutaijua kazi ya Lavedan; ya Le Bargy itatuponyoka.