Nyumba isipigwe mnada: ufundi wa Sura ya 13

Mwenye mshahara aliyezidiwa na madeni halazimiki kufilisiwa. Nchini Marekani yupo anayeweza kwenda mahakamani chini ya Sura ya 13 ya sheria ya ufilisi, akapangiwa kulipa kwa miaka mitatu hadi mitano huku mali yake ikibaki mikononi mwake.

Chimbuko la utaratibu huu ni Birmingham, Alabama, mji wa viwanda vya chuma, wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Valentine Nesbit, mwamuzi wa mashauri ya ufilisi mjini humo, aliwasimamia wafanyakazi walipe madeni kidogo kidogo kutoka kwenye mishahara yao. Mwaka 1938 Bunge la nchi hiyo likaupa mpango wa namna hiyo nguvu ya sheria.

Kazi huanza na zuio. Kwa kawaida, ombi likishapokelewa mahakamani, mnada husimama, makato ya mshahara husimama, na wadai hukoma kupiga simu. Kisha zinakuja hesabu.

Tuseme mtu ana malimbikizo ya rehani ya dola 12,000 na deni la kadi la dola 30,000. Malimbikizo yakigawanywa kwa miezi 60 ni dola 200 kwa mwezi, mbali na rehani ya kawaida, ambayo lazima iendelee kulipwa. Baada ya chakula, nauli na matibabu, bajeti yake ikibakiza dola 100, hizo ndizo za kadi: jumla 6,000. Akimaliza mpango, dola 24,000 zilizosalia zinafutwa. Juu ya hapo kuna ada ya msimamizi anayepokea na kugawa fedha, isiyozidi asilimia 10. Malipo huanza ndani ya siku 30, hata kabla jaji hajaidhinisha mpango.

Wadai wa kadi hawaupigii mpango huu kura. Kinga yao ni kwamba wasipate pungufu ya kile ambacho wangepata mali ya mdaiwa ingeuzwa.

Udhaifu uko kwenye muda. Mipango mingi huvunjika njiani, na shauri likitupwa, zuio huondoka na deni hurudi. Ndiyo maana bajeti isiyoacha hata senti ya ugonjwa au tairi lililopasuka ni bajeti mbovu, hata kama inawapendeza wadai. Sheria inaruhusu mpango kurekebishwa kipato kikishuka. Mdaiwa aombe mapema, kabla malipo hayajaruka.

Kenya nayo, kwa sheria yake ya ufilisi ya 2015, ina mapatano ya hiari, ila huko pendekezo hupelekwa kwenye mkutano wa wadai likapigiwe kura. Njia ni tofauti, kipimo ni kimoja: anayeandaa pendekezo aanze na gharama halisi za familia, ndipo aahidi. Ahadi ndogo inayotimizwa kila mwezi humfaa mdai kuliko ahadi kubwa inayokufa mwaka wa kwanza.